Ukinunua programu ya kampuni ya nje ukiwa Mbeya, kesi yako itasikilizwa wapi?

Mwenye studio ya picha pale Kabwe anahariri kwa programu ya Wamarekani. Kiwanda cha mbao Mafinga kinachora samani kwa programu iliyonunuliwa mtandaoni, na ghala la parachichi Njombe linafuatilia mizigo kwa mfumo unaokatwa kwenye kadi kila mwezi. Wote hao wameingia mkataba na mtu ambaye hawajawahi kumwona, na wengi wao hawajui mkataba huo umewapangia kugombana wapi.

Ukiuziwa mchele uliochanganywa pale Mwanjelwa, kesho yake unarudi kwenye kibanda kilekile, na ikishindikana kuna mwenyekiti wa soko, polisi na mahakama, vyote vya kufika kwa bajaji. Programu ya nje haina kibanda. Ina ukurasa wa masharti, na ndani ya ukurasa huo muuzaji ameshachagua mambo mawili bila kukuuliza: sheria ya nchi gani itaamua mgogoro, na chombo gani kitausikiliza. Mambo hayo mawili hayafanani. Mkataba unaweza kusema sheria ni ya Ireland na usitaje mahakama kabisa. Mwingine unaweza kutaja mahakama moja tu ya jimbo moja la Marekani. Ukiyachanganya utadhani umekwama wakati bado una njia, au utadhani una njia wakati imeshafungwa.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa duka, shule, SACCOS au kampuni ndogo anayelipa mwenyewe kwa kadi. Hauchukui nafasi ya wakili. Utakusaidia kujua lini unamhitaji wakili na lini pesa yako haitoshi hata kumlipa.

Hatua ya 1: Mjue anayepokea hela

Jina kubwa lililo juu ya tovuti si lazima liwe ndilo lililoingia mkataba na wewe. Kampuni kubwa za programu zina kampuni tanzu katika nchi mbalimbali, na wewe wa Mbeya unapangiwa mojawapo kulingana na mahali ulipo. Adobe ni ya Marekani, lakini mteja aliye nje ya Amerika Kaskazini anaingia mkataba na kampuni yake iliyoko Ireland, na sheria inayotumika ni ya Ireland. Anayemwandikia barua ya madai Adobe ya California kwa sababu ndiyo aliyoisikia kwenye habari amebisha hodi nyumba ya jirani.

Kampuni ndogo zina mtindo mwingine. Haziuzi zenyewe, zinamweka mtu wa kati ambaye kisheria ndiye muuzaji. Paddle ya London na FastSpring ya Marekani ni mifano inayojulikana. Hapo unakuwa na mikataba miwili kwa mpigo: wa mauziano na yule wa kati, na wa leseni na mtengenezaji. Ukitaka kurudishiwa hela, unaanza na wa kati. Ukilalamika kwamba programu haifanyi ilichoahidi, suala la leseni ni la mtengenezaji. Jina litakalotokea kwenye taarifa ya benki ni la wa kati, ndiyo maana watu wengi hushtuka wakidhani wameibiwa.

Kabla ya kulipa, tafuta jina kamili la kampuni pamoja na ile herufi ya mwisho, iwe Ltd, Inc. au GmbH, na anwani ya mahali halisi. Kampuni za Uingereza unaweza kuzitafuta bure kwenye daftari la Companies House na kuona kama bado ziko hai. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni aonyeshe jina lake, anwani na namna ya kumpata, na ampe mnunuzi nafasi ya kupitia oda na kusahihisha makosa kabla ya kukamilisha. Muuzaji aliyeficha hata anwani, mimi nashauri usimlipe hata kama bei yake inavutia.

Hatua ya 2: Tafuta vipengele vya mgogoro, hata kama husomi mengine

Hakuna atakayekulaumu kwa kutosoma kurasa arobaini za masharti. Lakini sehemu ya mgogoro ni aya chache, na kwa kawaida iko karibu na mwisho. Fungua ukurasa wa masharti, bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, kisha andika maneno haya kwa Kiingereza, moja baada ya jingine: "governing law" (sheria itakayotumika), "jurisdiction" (mamlaka ya mahakama), "venue" (mahali pa kusikilizia), "arbitration" (usuluhishi). Tunayaandika hivyo kwa sababu ndivyo yalivyo kwenye mikataba yenyewe.

Ukifika kwenye kipengele cha sheria utakuta jina la nchi au jimbo: California, Delaware, Uingereza na Wales, Ireland, Singapore. Liandike.

Ukifika kwenye kipengele cha mahakama, tazama neno "exclusive". Likiwepo, maana yake mmekubaliana kuwa mahakama hiyo peke yake ndiyo itakayosikiliza. Ikiandikwa "non-exclusive", mahakama iliyotajwa inaruhusiwa kusikiliza, ila nyingine hazijafungiwa mlango. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya programu moja na nyingine, na mara nyingi mtu hajui kwamba aliiona.

Wengine hawataji mahakama kabisa, wanataja usuluhishi. Wamarekani hupendelea taasisi kama AAA na JAMS, kwa London kuna LCIA, na kwa Singapore kuna SIAC. Usuluhishi wa aina hii si kikao cha wazee kupatanisha ndugu. Msuluhishi anatoa uamuzi unaofunga pande zote, na nafasi ya kukata rufaa ni finyu. Angalia mambo matatu: kikao kitafanyika wapi, je kinaweza kufanyika kwa video au kwa maandishi tu, na nani analipa ada ya kufungua shauri. Masharti mengi ya Kimarekani pia yanakuzuia kujiunga na wenzako kushtaki kwa pamoja. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyapa nguvu masharti ya namna hiyo mwaka 2011 katika shauri la AT&T Mobility dhidi ya Concepcion.

Kuna jambo moja jema ambalo wengi hulikosa. Baadhi ya mikataba hiyo inakupa siku 30 tangu ulipokubali kutuma barua pepe kusema hutaki kufungwa na usuluhishi. Kama kipengele hicho kipo, tuma siku hiyohiyo. Ni dakika tano za kazi, na anwani ya kutumia imeandikwa palepale.

Usitegemee kujitetea kwamba ulibofya bila kusoma. Tangu mwaka 1996, katika shauri la ProCD dhidi ya Zeidenberg, mahakama ya rufaa huko Marekani ilikubali kuwa masharti ya leseni yaliyokuja na programu yanamfunga aliyeitumia. Mwaka 2002, katika shauri la Specht dhidi ya Netscape, mahakama nyingine ya rufaa ilikataa kuwafunga watu kwa masharti yaliyokuwa yamejificha chini ya kitufe cha kupakua, mahali ambapo mtu hakulazimika kuyaona. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni kama ulionyeshwa na ukakubali. Ukiwekewa kisanduku cha kutia tiki, umefungwa. Kama hukuwekewa chochote, piga picha ya skrini ya ukurasa ule wa malipo ulivyo, kwa sababu hiyo ni hoja yako.

Utasoma ushauri mwingi mtandaoni unaosema mlaji anaweza kushtaki nyumbani kwake siku zote, au kwamba ana siku 14 za kubadili mawazo. Ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Ulaya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215 ya mwaka 2012 inamlinda mlaji anayeishi katika nchi mwanachama, na zile siku 14 zinatokana na agizo la mwaka 2011. Hata huko, aliyekubali programu ianze kupakuliwa mara moja anaweza kuipoteza haki hiyo. Mtu wa Tukuyu asinunue kitu akiwa amejipa haki za mtu wa Berlin.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa hela, kisha amua unanunua kwa nani

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Kama ni dola kumi au ishirini kwa mwezi, kubali moyoni kwamba hutashtaki popote. Kinga yako ni kulipa mwezi kwa mwezi badala ya mwaka mzima, hata kama wanakupa punguzo, mpaka uone inafanya kazi kwenye kompyuta zako na kwa intaneti yako. Ukipoteza, umepoteza mwezi mmoja.

Kama ni mfumo ambao ukizimika kazi inasimama, mfano vitabu vya SACCOS, matokeo ya wanafunzi au hesabu za wakulima wa AMCOS, usiuingie kwa mkataba wa kubofya. Nalisema kwa uzito wote kwa sababu hela hizo ni za watu wengine: mama aliyeweka akiba yake, mkulima anayesubiri malipo ya chai au kakao. Tafuta muuzaji aliyesajiliwa Tanzania, mwenye TIN, anayetoa risiti ya EFD, na msaini mkataba wa karatasi. Atakuwa ghali kidogo. Unacholipia ni kwamba huyo anaweza kupelekewa samansi, akaja mbele ya hakimu wa hapa, na akishindwa ana mali ya kukamatwa wakati wa kukaza hukumu.

Ila soma mkataba wa wakala huyo vizuri. Mara nyingi anabeba wajibu wa kufunga mfumo, kufundisha na kutoa msaada, halafu leseni yenyewe inabaki kati yako na mtengenezaji wa nje. Mwombe aandike wazi kwamba mfumo ukishindwa kufanya kazi zilizoorodheshwa, yeye ndiye anayerudisha hela, na kwamba sheria ni ya Tanzania na shauri litafunguliwa Mbeya, au Iringa, popote ulipo.

Kampuni ndogo ya nje nayo inaweza kuombwa. Iandikie barua pepe kabla ya kulipa: tunataka kununua leseni kadhaa, tunaomba kipengele cha mahakama kiwe "non-exclusive", au usuluhishi ufanyike kwa video. Kubwa hazitakujibu. Ndogo zenye njaa ya wateja wakati mwingine hukubali, na barua hiyo ya kukubali unaitunza pamoja na risiti.

Hatua ya 4: Jaza taarifa za kweli

Kuna watu huchagua nchi ya Marekani na kuandika anwani ya kubuni ya huko, ama kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha, ama kwa sababu bei inaonekana nafuu. Ukifanya hivyo umeharibu mambo kwa mikono yako. Umeingia mkataba na kampuni tanzu isiyo yako, chini ya sheria isiyo yako, na muuzaji akitaka kukufungia akaunti ameshapata sababu: umevunja masharti kwa kudanganya mahali ulipo. Ukienda kulalamika, cha kwanza watakachokuonyesha ni anwani ile.

Amua pia unanunua kama mtu binafsi au kama biashara. Sheria nyingi za kumlinda mlaji, za nje na hata yetu ya Ushindani ya mwaka 2003, hazimwangalii anayenunua kwa ajili ya uzalishaji kwa jicho lilelile la mtu wa kawaida. Biashara inapata ankara yenye jina lake, jambo ambalo mhasibu wako atalihitaji TRA, hasa kwa kuwa malipo ya leseni kwa asiye mkazi yanaweza kuangukia kwenye kodi ya zuio. Muulize mhasibu kabla ya kulipa, si wakati mahesabu yakifungwa.

Hatua ya 5: Lipa kwa njia inayoweza kurudi

Kwa manunuzi madogo na ya kati, mahakama yako halisi ni kadi yako. Visa na Mastercard wana utaratibu wa mteja kupinga malipo kupitia benki iliyotoa kadi, na hautegemei mkataba wako umetaja California au London. Benki yako hapa inawasiliana na benki ya muuzaji, kila upande unatoa ushahidi, na uamuzi unatolewa kwa kanuni za mtandao wa kadi. Muda wa kawaida ni hadi siku 120, lakini usiusubiri uishe. Ukilipa kupitia PayPal, una siku 180 za kufungua malalamiko.

Kadi za kidijitali zinazotolewa na mitandao ya simu ni nzuri kwa sababu unaweka kiasi unachotaka tu, na muuzaji hawezi kukata zaidi ya kilichomo. Kabla ya kuitegemea, uliza huduma kwa wateja swali moja: malipo ya nje nikiyapinga, fomu naipata wapi? Kama hawana jibu, itumie kwa vitu vidogo.

Usitume hela kwa mtu binafsi kwa njia ya kutuma fedha nje, wala kwa sarafu za kidijitali, kwa ajili ya leseni. Hela hiyo haina mlango wa kurudia. Na leseni ya bei ya kutupa unayouziwa kwenye kundi la WhatsApp haina mkataba wowote wa kukuonyesha ushtaki wapi.

Hatua ya 6: Tunza ushahidi siku unayonunua

Hifadhi ukurasa wa masharti kama PDF siku hiyohiyo, kwa sababu kampuni huyabadilisha na tarehe ndiyo itakayokuokoa. Ongeza ukurasa wa bei, maelezo ya kile programu inachoahidi, risiti, na barua pepe zote bila kufuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Picha iliyokatwakatwa na kutumwa mara tano kwa WhatsApp haina uzito wa faili la asili.

Hatua ya 7: Uliza taarifa za watu zitakaa wapi

Kama programu itabeba majina, namba za simu au akiba za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa wewe uliyezikusanya, pamoja na masharti yake ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kutumia kampuni ya nje hakukuondolei wajibu huo. Jua pia kwamba tangu mwaka 2018 Marekani ina sheria inayoruhusu vyombo vyake kuidai kampuni ya Kimarekani itoe taarifa inazozitunza, hata kama seva iko nchi nyingine. Kwa hiyo "seva zetu ziko Ulaya" si jibu kamili. Uliza pia kama unaweza kupakua taarifa zako zote kwa muundo wa kawaida kama CSV, na ufanye hivyo kila mwezi. Mwenye nakala yake nyumbani hatishwi na akaunti kufungwa.

Mambo yakiharibika

Anza kwa barua pepe moja fupi kwa muuzaji uliyemtambua kwenye Hatua ya 1. Taja namba ya oda, tarehe, ulichoahidiwa, kilichotokea, unachotaka, na siku ya mwisho ya kujibiwa. Usitukane na usitishie mahakama ambayo hutaenda. Asipojibu au akikataa, nenda benki ujaze fomu ya kupinga malipo, na ambatanisha barua hiyo, kwa sababu benki itauliza kama ulijaribu kuelewana naye kwanza. Wakati huohuo zuia malipo yajayo.

Benki ikikuzungusha, malalamiko dhidi ya benki ni jambo la ndani ya nchi, na hapo uko nyumbani kabisa. Maliza ngazi za benki yenyewe kwa maandishi, kisha peleka Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mbeya.

Je, unaweza kufungua kesi Mbeya? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu kesi kufunguliwa anapoishi au anapofanyia biashara mdaiwa, au pale chanzo cha mgogoro kilipotokea. Kwa hiyo hoja ipo. Lakini kama ulikubali mahakama nyingine kwa neno "exclusive", jiandae kwa pingamizi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk (China) Shipping, rufaa namba 98 ya mwaka 2016, iliheshimu kipengele kwenye hati ya usafirishaji kilichopeleka mgogoro mahakama ya Uingereza, ingawa mzigo ulikuwa unakuja kwetu. Sioni sababu ya kutarajia kwamba mkataba wa programu utatazamwa kwa huruma zaidi.

Hata ukivuka pingamizi, samansi ya nje ya nchi ina utaratibu na gharama zake, na ukishinda unabaki na hukumu dhidi ya kampuni isiyo na meza wala kiti Tanzania. Kuitekeleza kwao kunahitaji wakili wa kwao. Sheria yetu ya kutambua hukumu za nje inakwenda kwa nipe nikupe kati ya nchi na nchi, na Marekani haimo kwenye mpango huo.

Uamuzi wa usuluhishi ni habari nyingine. Tanzania ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao nchi zimekubaliana kutekeleza uamuzi wa usuluhishi uliotolewa nje, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi wa nje unaweza kutekelezwa hapa. Hili linakata pande zote mbili. Kampuni yako ikisaini leseni ya miaka mitatu halafu ikaacha kulipa, muuzaji anaweza kupata uamuzi London na kuja nao Mahakama Kuu kukudai. Ukipokea barua pepe inayosema shauri la usuluhishi limefunguliwa dhidi yako, usiifute ukidhani ni matapeli. Ichapishe, chukua na ule mkataba uliouhifadhi kama PDF, na umwone wakili wiki hiyohiyo, kwa kuwa siku za kujibu zinahesabiwa hata kama hujajibu.